Grame moja ni kilo moja

Maneno ambayo timu ya tereni ilisema mbele ya mukutano wa wanachama na wafadhili, Lubumbashi, kisha maonyesho ya mota na bwato

   

Komite imetuomba tueleze jambo moja, na tunaomba muda kidogo, sababu haliwezi kuelezwa mbio-mbio. Munajua kama wauzaji wa mota, nyavu na bwato walikusanyika hapa mujini kuonyesha vitu vyao kwa wanunuzi wa Kasenga, Kilwa na Pweto. Walitupatia sisi wa shirika kona moja ya uwanja. Wenzetu walileta mota mupya zenye kung'aa, bado ziko na karatasi ya dukani. Sisi tulileta mbao inne, baashi moja kubwa ya plastiki, na bwato mbili za mufano zenye kuongozwa na telekomande. Tulifunga mbao, tukatandika baashi, tukapata beseni ya metre 4 kwa 3, maji sentimetre 30. Hiyo ni litre 3.600. Ni kusema bidoni 180 za litre 20, zilizokuja kwa pusupusu. Vijana walio nyuma kule ndiyo wanajua hesabu hiyo kwa migongo yao.

Kisha maonyesho, maneno yakaanza kutembea. Kwenye soko, kwenye mulango wa kanisa, kwenye grupe za telefone: "Kumbe feza ya wafadhili inauza bintu ya batoto?" Swali ni la haki. Mutu aliyetoa franka yake kila mwezi kwenye kisanduku cha shirika, tangu tuliporudi, ana haki ya kuuliza. Tunalijibu leo, na si kesho, sababu kabla ya mukutano huu kuisha mutapiga kura juu ya balenyeri ya shirika. Ofa ya muuzaji iko juu ya meza. Balenyeri ya metre 12, upana metre 2 na sentimetre 40, na juu yake plafo ya mbao ambako watu 30 wengine wanaweza kukaa. Watu 20 chini na 30 juu: kila safari inaingiza zaidi ya mara mbili. Kwenye karatasi ni ofa tamu. Bwato zile za mufano tulizileta juu ya plafo ile tu.

Kwanza tuseme juu ya telekomande, maana wengi waliuliza: kwa nini redio? Kwa nini musivute bwato na kamba, ama kuisukuma na mukono?

Jambo hili ni la zamani kuliko babu zetu. Mwaka wa 1898, mwezi wa Tano, kulikuwa maonyesho ya vyombo vya umeme katika jumba la Madison Square Garden, New York. Fundi mumoja, Nikola Tesla, alijaza beseni ya maji ndani ya jumba, akatia bwato ndogo ya chuma, na akaiongoza bila uzi wowote. Hakuna aliyekuwa ameona kitu cha namna ile. Redio yenyewe ilikuwa bado mutoto muchanga. Inasimuliwa kwamba Tesla aliwaacha watu waulize bwato maswali. Mutu akauliza jibu la hesabu moja ambalo ni 4, taa za bwato zikawaka mara inne. Wengine wakasema ni uchawi, wengine wakasema kuna nyani aliyefundishwa amejificha ndani. Tarehe 8 mwezi wa 11 mwaka uleule serikali ya Marekani ilimupatia karatasi ya haki ya ugunduzi, namba 613.809. Yeye aliwaza kuuzia jeshi la bahari chombo chake, lakini jeshi halikuona faida yake.

Sisi tunachokiangalia katika habari hii ni yule nyani. Watu wakiona kitu kinatembea chenyewe, wanatafuta mukono uliofichwa. Na mbele ya wanunuzi, mutu akiona bwato imegeuka, atasema: "Ninyi mumeisukuma, munataka kuharibia muuzaji biashara." Kwa hiyo tulitaka mukono wetu ukae mbali, watu wote wauone. Zaidi ya hapo: telekomande inaweza kutoka mukononi mwetu na kuingia mukononi mwa mwenye kubisha. Yeye mwenyewe anaongoza. Maji yanajibu yeye, hayajibu sisi.

Ndani ya bwato kuna kitu kidogo tu. Batri, mota ndogo, antene ambayo inapashwa kubaki juu ya maji, sababu mawimbi ya telekomande za leo yanakufa haraka sana ndani ya maji. Kuna mashine moja ndogo inageuza usukani. Na kuna mashine ingine, hii ndiyo kazi ya fundi wetu wa telefone wa Kenya (komini Kenya ya hapa, wafadhili musifikiri tulimutoa Nairobi), ambayo inasukuma kibao kushoto ama kuume. Juu ya kibao ndiko tunapanga "abiria". Ukibonyeza, abiria wote wanahama upande mumoja, kama vile watu wanavyofanya wakiona bandari.

Sasa kipimo, na hapa tunaomba masikio yenu. Bwato ya mufano ni sehemu moja ya kumi ya balenyeri ile ya ofa. Metre 12 imekuwa metre 1 na sentimetre 20. Upana wa metre 2,40 umekuwa sentimetre 24. (Wanaopenda historia: metre 12 ndiyo urefu wa Mimi na Toutou, zile bwato mbili za vita za Waingereza zilizopita hapa Élisabethville juu ya gari la moshi mwaka wa 1915, zikashushwa Fungurume, zikavutwa na mashine za moshi na ngombe kupita milima mupaka Sankisia, kusudi zifike ziwa Tanganyika. Watu wanasema Lubumbashi haijui mambo ya bwato. Mambo ya bwato yalipita hapa zamani.)

Urefu unagawanywa kwa kumi. Lakini uzito haugawanywi kwa kumi. Kitu ni kirefu, ni kipana, ni kirefu tena kwenda chini: kumi mara kumi mara kumi, ndiyo elfu. Kwa hiyo kilo elfu ya balenyeri ni kilo moja ya mufano, na kilo moja ya balenyeri ni grame moja ya mufano. Njo vile tu. Tulishona vifuko vya kitambaa, tukatia muchanga, tukapima kwenye mizani ya muuza dawa. Kifuko cha grame 60 ni mutu wa kilo 60. Kifuko cha grame 50 ni gunia ya mahindi ya kilo 50. Watoto walielewa mbele ya wakubwa. Mutoto mumoja wa kike alibeba kifuko cha grame 60 kwenye kiganja, akasema: "Huyu ni mama yangu." Ni kweli, alikuwa mama yake.

Tukaanza. Bwato ya kwanza, bila plafo. Tulitia magunia 40 chini, ndiyo tani mbili, na abiria 20. Balenyeri yenyewe tuliihesabu tani tatu. Tulichora mistari kwenye ubavu, kila sentimetre mustari mumoja, na watu wakaona namna maji yanavyopanda: kila grame elfu tunayoongeza, bwato inashuka karibu nusu sentimetre. Kwenye balenyeri ya kweli ni kusema kila tani moja, magunia 20, inaiba karibu sentimetre 5 za ubavu. Muchuuzi mumoja wa samaki wa Kasenga alikaa palepale chini, akahesabu kwa vidole magunia anayopakizaka, hakusema neno.

Telekomande ikatembeza bwato, ikageuka kushoto, ikageuka kuume, ikabeba muzigo wake muzuri kabisa. Tukahamisha abiria wote 20 upande mumoja. Bwato ililala kidogo, maji hayakuingia, abiria waliporudi katikati nayo ikarudi.

Kisha tukaweka plafo. Magunia yaleyale chini, watu 20 walewale chini, na vifuko 30 juu. Tukasema: angalieni ubavu. Ubavu haukuwa mubaya hata kidogo! Maji yalikuwa bado sentimetre nne na nusu na zaidi chini ya ukingo, karibu nusu metre kwenye bwato ya kweli. Mutu aliyesimama kwenye gati angesema: "Iko na nafasi, pakia tena." Hatari hii haionekani kwenye mustari wa maji, na kwa maoni yetu hapa ndipo watu wengi wanadanganyika, hata watu wa kazi. Uzito wa chini unazamisha bwato polepole na unaouona. Uzito wa juu haukuonyeshi kitu, mupaka dakika ile.

Bwato ikatembea polepole katikati ya beseni. Ikasimama. Muuzaji mumoja, ambaye hatutaji jina lake na ambaye alitusaidia sana mwishoni, alikuwa anacheka. Tukamupatia telekomande. Tukamuambia: gati ni ile mbao ya kule, kaeni tayari kushuka. Akabonyeza. Vifuko 30 vya juu vikahama sentimetre nane. Bwato haikuwaza mara mbili. Ililala, ukingo ukaingia maji, ikapindua plafo chini, na vifuko vya chini vikabaki ndani, chini ya plafo, ndani ya maji.

Hakuna aliyepiga mikono.

Mama mumoja wa Kilwa, munamujua wengi wenu, hatutasema zaidi, aliomba telekomande. Hakuibonyeza. Aliuliza: "Na kama wale wa juu wangebaki wamekaa?" Ndilo swali zuri kuliko yote tuliyosikia siku ile. Tukapanga tena. Abiria wa juu wakakaa katikati, bila kuhama. Maji matulivu: bwato ilisimama. Ilitembea, ikageuka polepole, ikafika. Mama akatikisa kichwa. Kisha kijana mumoja akatikisa ubao ndani ya maji kufanya mawimbi, kama vile upepo wa Mweru unavyofanya, na munajua Mweru haina kina kirefu, mawimbi yake ni mafupi, yanasimama, yanapiga moja juu ya lingine. Bwato ikaanza kulala upande huu, ikawaza, ikarudi; ikalala upande ule, ikawaza zaidi. Wimbi la tano ama la sita halikuingoja irudi.

Kwa hiyo jibu ni hili: wakibaki wamekaa, na ziwa likiwa tulivu, watafika. Lakini nani atakalisha watu 30 kwenye plafo wakati bandari inaonekana, na kila mutu anatafuta muzigo wake na mutoto wake? Tarehe 20 mwezi wa 9 mwaka wa 2018, kule ziwa Victoria, feri MV Nyerere ilipinduka karibu kabisa na gati ya Ukara. Ruhusa yake ilikuwa watu 101. Walikufa zaidi ya 220. Walikuwa wanakaribia kushuka. Tarehe 3 mwezi wa 10 mwaka wa 2024, ziwa Kivu, bwato kutoka Minova ilipinduka mbele ya Kituku, Goma, watu wa gati wakiangalia, wengine wakichukua video na telefone. Watu wale walikuwa wamepita majini juu barabara ilikatwa na vita. Hatuhitaji kuwaeleza ninyi namna mutu anavyopanda bwato bila kuuliza kitu kwa sababu nyuma yake kuna vita. Wengi wenu mulivuka kwenda Zambia hivyo, na wengine wenu, kisha miaka ya Kala na Mwange, mulirudia kwa meli kutoka Mpulungu mupaka Moba. Wakati ule hatukuwa na haki ya kuchagua bwato. Leo tuko na feza yetu, tuko na karatasi ya ofa mbele yetu, na tunaweza kusema hapana kwa plafo.

Tunajua mutu atasema: maji ya beseni si maji ya ziwa. Ni kweli, na tusidanganyane. Mufano hauonyeshi mbao iliyooza. Hauonyeshi musumari wenye kutu, wala mota inayokufa katikati, wala nahodha aliyekunywa. Na mufano ni mwepesi wa kutikisika: mambo yake yanaenda mbio kuliko ya kweli. Wenye elimu ya meli wamejua hesabu hiyo tangu Muingereza William Froude alipoanza kupima mifano ya meli kwenye maji, zaidi ya miaka 140 iliyopita. Kwa mufano wa moja ya kumi, muda wa kweli ni mara tatu na kidogo. Kule Ufaransa, karibu na Grenoble, kuna ziwa dogo linaitwa Port Revel. Tangu mwaka wa 1967, makapiteni wa meli kubwa za dunia, watu wazima wenye mvi, wanaenda pale kukaa ndani ya meli za mufano za moja ya 25 na kujifunza kuingia bandarini. Kwa kipimo chao muda unaenda mara tano mbio. Hakuna anayewaambia wanacheza bintu ya batoto.

Hesabu hiyo ya muda ndiyo ilitupatia kitu ambacho sisi tunakiona cha maana kuliko kupinduka kwenyewe, maana kupinduka kunashtua watu siku moja, lakini hiki mutu anaweza kwenda nacho bandarini. Tulitikisa bwato ya mufano, tukaiacha iyumbe kwenda na kurudi mara tano, tukapima na telefone. Bila plafo: sekunde 3 na nusu. Na watu 30 juu ya plafo: sekunde 6 na nusu. Zidisheni mara tatu na kidogo, gawanyeni kwa tano: bwato ya kweli bila plafo inaenda na kurudi kwa sekunde 2 na kidogo, yenye plafo, kwa sekunde 4 na zaidi. Watu wanapenda ile ya pili. Wanasema ni laini, haitikisi, mama mujamuzito anaweza kulala. Ulaini ule ndio ugonjwa. Bwato inayorudi polepole ni bwato isiyokuwa na nguvu ya kurudi.

Wenye kutunga kanuni za bwato ndogo za uvuvi wanatoa kipimo chepesi: hesabu sekunde za kuyumba mara moja, kwenda na kurudi, zikiwa chini ya metre za upana wa bwato, na ubavu ukiwa bado na nafasi, kwa kawaida iko salama. Upana wetu ni metre 2,40. Sekunde 2 na kidogo, sawa. Sekunde 4, shuka. Haihitaji mashine. Bwato imepakiwa, iko kwenye maji matulivu, kamba zimelegezwa, watu wawili wanaitikisa ubavuni, wa tatu anahesabu na saa. Tunaomba kila mwanachama anayesafiri Kasenga ajifunze kuhesabu vile, na asione haya mbele ya nahodha. Nahodha muzuri hatakasirika.

Turudie kwa muuzaji. Kwanza alikasirika, alisema tumeficha mawe kwenye plafo (nyani wa Tesla, munaona). Tukamupatia mizani, akapima vifuko yeye mwenyewe, kimoja kimoja, vyote 30. Akaomba bwato ya pili. Bwato ya pili ni ndefu vilevile lakini pana zaidi: sentimetre 30, ni kusema metre 3 za kweli. Fundi wa mbao alisema kuongeza robo ya upana ni kitu kidogo. Kwa maji si kidogo: nguvu ya kusimama inayotoka kwenye upana inafuata upana mara tatu, kwa hiyo robo moja inakaribia kuizidisha mara mbili. Tuliweka plafo ileile, watu walewale 30, muuzaji akabonyeza. Ikalala kidogo, ikabaki. Akabonyeza upande wa pili. Ikabaki.

Hapo uwanja ukapiga kelele, na tunaelewa. Lakini hatukuja kuuza ile bwato pana na plafo yake. Bwato pana inakula mbao nyingi, inaomba mota yenye nguvu zaidi, na mafuta ya mota tunajua bei yake Pweto. Ikiwa na muzigo chini bila watu juu, inarudi kwa nguvu sana, kwa haraka, itatapisha watu mupaka Kilwa. Hizo ni shida ndogo. Shida kubwa ni kwamba plafo ya watu 30 haibakiaki ya watu 30. Siku ya soko itakuwa ya 50, na hakuna komite itakayosimama kwenye gati kila asubuhi. Sisi tulioenda Kasenga kila mwezi tumeona vile.

Muuzaji mwenyewe ndiye aliyeleta wazo jipya mwisho wa siku, na tunalisema kwa heshima yake. Bwato ya metre 3 ya upana, bila plafo ya mbao. Juu yake turubai tu juu ya miti mwepesi, kwa jua na mvua, ambayo mutu hawezi kuipanda hata akitaka. Amekubali kutengeneza ofa ya pili. Hiyo pia iko juu ya meza, bei yake iko juu kuliko ya kwanza, na abiria wake ni wachache. Mweka hazina ataisoma yote mbili bila sisi kuongeza neno.

Juu ya majile ya kuokoa. Mufadhili mumoja ametuandikia kwa upole kwamba feza ya mifano ingenunua majile. Tunamushukuru, na majile yanahitajika, hilo halina ubishi. Yako kwenye bajeti ya ofa zote mbili. Lakini angalieni vifuko vile vilivyobaki chini ya plafo. Mutu aliyevaa jile chini ya plafo iliyopinduka, jile linamubana juu kwenye mbao. Jile linafanya kazi kama kuna njia ya kutokea. Na kwa feza: mifano miwili, telekomande na batri, vyote pamoja, havifiki hata sehemu ya kumi ya bei ya mota moja ya farasi 15. Baashi ilikuwa ya zamani, ya kambi, bado iko na alama ya bluu. Mbao tumeazima na tumezirudisha.

Kitu kimoja kwa wafadhili wetu walio hapa na walio mbali. Kila mwaka hapa Lubumbashi tunaona maonyesho makubwa ya migodi, Karavia, mwezi wa Sita. Mashine kubwa kama nyumba, wageni wenye kadi shingoni. Hatuna wivu. Lakini watu wengi wa Haut-Katanga kaskazini hawapandi mashine ya mugodi. Wanapanda bwato. Hakuna anayewaonyesha bwato kabla ya kuwauzia. Tunaomba batri mbili za ziada, na tuko na karatasi ya bei. Hatuombi zaidi ya hapo kwa kazi hii.

Tunataka kupeleka beseni Kasenga, kwenye gati yenyewe, kabla ya mvua kubwa. Chifu wa bandari amesema ndiyo kwa mudomo, tunangoja barua. Kule hatutahitaji bidoni 180, muto Luapula uko palepale, lakini maji yanayotembea yanaharibu kipimo, kwa hiyo tutachota, vijana wajitayarishe. Wanachama wa Kilwa wameomba tufike hata kwao. Tutaona.

Kura itapigwa kisha mweka hazina kusoma. Beseni iko nje, chini ya muembe, imejaa tangu asubuhi, na bwato zote mbili ziko ndani, plafo iko pembeni, vifuko viko kwenye kikapu na mizani iko kando yake. Tunaomba kila mutu apite pale mbele ya kupiga kura, mama na baba kwanza, kisha vijana. Batri moja inatosha saa moja hivi, ya pili iko kwenye chaji nyumbani kwa jirani mwenye paneli ya jua. Musiimalize kwa kukimbiza bwato kama gari. Pakia, hamisha, hesabu sekunde.